Nimeivua rangi Phoenix ya mjomba: rimuva (dawa ya kutolea rangi) naipa nane juu ya kumi, klia ya kopo (ile vanishi ya kupuliza isiyo na rangi) sitaki hata kuisikia

Baiskeli yenyewe ni Phoenix ya Shanghai, ringi 28, breki zile za vyuma vya kuvuta sio waya, kerea nyuma inabeba gunia la mkaa na mtoto juu yake. Ilikuwa ya mjomba wangu wa Makorora, kaiendesha mpaka goti likakataa, siku moja akanambia we njoo uichukue maana hapa imekuwa ya kuanikia nguo tu. Nikaichukua. Mtu wa Tanga humuelezei faida ya baiskeli, mji tambarare, unatoka Chumbageni mpaka Duga hujashuka kusukuma.

Shida rangi. Mjomba ni mtu wa bahari na bahari inakula chuma, sasa yeye kila akiona kutu anachukua brashi na rangi yoyote iliyobaki ndani anapaka juu kwa juu. Nyeusi ya kiwandani iko chini kabisa, juu yake kijani ya milango, juu yake bluu ya dau, afu silva. Imekuwa nene mpaka fremu ukiishika ni kama imevaa soksi. Mi nikataka chuma kitupu, king'ae, nisipake rangi tena. Hilo ndo wazo lililonigharimu wiki sita za maisha yangu, ngoja niwahadithie.

Wa kwanza kumwendea alikuwa fundi wa mageti, akaiangalia akasema lete, grenda dakika kumi imeisha. Nikakataa na sijutii. Bomba la fremu sio nondo bro, ni jembamba, na grenda haijui rangi imeishia wapi na chuma kimeanzia wapi, ukipitisha vibaya kwenye maungio umeshalipunguza bomba pale pale linapobeba uzito. Mtu akikwambia fremu unaivua rangi kwa grenda muulize hiyo fremu ataipanda yeye?

Nikajaribu njia ya bei chee. Mamdogo anapika sabuni za mche, kwa hiyo kostiki soda nyumbani haikosekani, akanipa kama robo kilo akanionya mwanangu hii kitu usicheze nayo, weka maji kwanza ndo umwagie kostiki, usije ukafanya kinyume ikakurukia usoni. Hilo nilifuata. Nisilofuata ni kuuliza natumia chombo gani, nikachukua sufuria la mama lile kubwa la alumini. Jamani. Kostiki na alumini haziivani kabisa, likaanza kuchemka lenyewe bila moto, mapovu, moshi mweupe wa kukohoza, sufuria likageuka jeusi kama limepikiwa pilau la harusi tatu, na ile hewa inayotoka pale ni haidrojeni, ingekuwa karibu na jiko la mkaa sijui ningekuwa wapi saa hizi. Sufuria nililinunua jipya na maneno nikayasikia juu. Kwenye chuma chenyewe lakini kostiki haina ubaya, nikaipima kwenye foku tu kwa ndoo ya plastiki, rangi ya mafuta inageuka ute ute kama sabuni, ila ni polepole, na ile nyeusi ya kiwandani haikutikisika.

Ndo nikaenda hadwea moja Ngamiani nikauliza dawa ya kutolea rangi. Muuzaji akaniletea kopo la lita moja, mafundi wa magari wanaiita rimuva, 22,000. Jeli nzito kama uji uliopoa. Jina la kampuni silitaji maana zipo tatu nne na zote naona ni ndugu. Geuza kopo usome nyuma, yangu imeandikwa dikloromethani, hiyo ndo yenye nguvu na hiyo hiyo ndo yenye hatari. Wazungu kule Ulaya wameshaitoa kwenye maduka ya watu wa kawaida, na Marekani mwaka 2019 wakapiga marufuku kumuuzia mtu wa nyumbani dawa za kutolea rangi zenye kitu hicho, maana watu walikuwa wanafia bafuni wanatoa rangi ya mabeseni milango imefungwa. Ule mvuke ukiuvuta, mwilini unageuka kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la mkaa chumbani. Kwa hiyo mimi uani tu, upepo wa bahari mgongoni, watoto na kuku wote nje ya geti.

Kabla ya kupaka vua kila kitu. Nimetoa kotapini, zile pini za kubana kranki (moja iligoma, nikaitia mafuta ya taa usiku kucha), kranki, foku, gololi za bushi ya kranki nikahesabu 11 kila upande nikazifunga kwenye kitambaa, ile nembo ya ndege pale mbele nikaing'oa taratibu kwa bisibisi. Vikombe na nyuzi za bushi ziba kwa tambara, hiyo jeli ikikaa mle itakugeuzia grisi yako mpya supu.

Nikapaka kwa brashi ya manyoya, sio ya plastiki, ya plastiki itabaki mpini. Usisugue kama unapaka rangi, bandika tu jeli nene uache. Ya kwanza ilinikatalia na kosa langu mwenyewe, nimepaka saa saba mchana wa mwezi wa pili, jua la Tanga mnalijua, na hiyo kemikali inachemka kwenye nyuzi 40 tu, yani kabla haijafanya kazi imesharuka hewani nabaki na ukoko. Siku ya pili nikaanza baada ya alfajiri, nikapaka nusu fremu, nikaizungushia ile nailoni inayokuja na godoro jipya ili mvuke usitoroke, nikaenda kunywa chai na mihogo. Kurudi dakika ishirini baadae nafungua nailoni, wallahi nilicheka peke yangu. Rangi imevimba yote kama chapati inavyojaza upepo kwenye chuma, inapasuka yenyewe, nikaweka skrepa pembeni nikasukuma, inatoka utepe mrefu, silva juu, bluu, kijani, ukiukata unaona matabaka kama keki. Pale naipa kumi juu ya kumi bila kinyongo.

Mbona basi nane? Moja nimekata kwa sababu ya nyeusi ya chini, ilitaka mkono wa pili na wa tatu, kwa hiyo lita moja ya "fremu nzima" ni maneno ya kopo, mi nilinunua kopo la pili. Nyingine ni glovu. Hakuna mahali wameandika glovu gani, na zile nyeupe za hospitali jeli inapita kama hamna kitu, nilisikia baridi kwanza kwenye kidole, baridi tamu kabisa, nikasema mbona raha, sekunde kumi baadae naruka uani nikitafuta bomba. Kidole kilibabuka. Zile nene za raba za kufanyia usafi zikavumilia kidogo, na zenyewe badilisha mara kwa mara. Na yale maganda usiyaache chini wala usiyapige msasa mkavu, rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi ndani yake (risasi ile madini, sio ya bunduki), vumbi lake baya hasa kwa watoto. Nilikusanya yote kwenye gazeti.

Kilichonifurahisha zaidi ni vitu vilivyokuwa vimefichwa. Namba ya fremu ikatokea, kila tarakimu. Na kwenye maungio, pale bomba linapoingia kwenye soketi yake, kuna uzi mwembamba wa njano umezunguka, nikadhani kutu, nikaung'arisha na mswaki wa zamani kumbe ni shaba. Fremu hizi haziungwi kama geti, mabomba yanachomekwa kwenye maungio afu shaba inayeyushwa inaingia kwenye upenyo. Huo uzi wa dhahabu kwenye chuma cheupe ni kitu kizuri mpaka nikamuita jirani aje aone. Jirani akasema mashallah, bei gani. Basi.

Sasa hapa ndo mahali wengi tunadanganyana. Kutoa rangi ni kazi ya siku mbili. Kukifanya chuma kibaki cheupe Tanga ni ndoa.

Asubuhi nimeosha fremu kwa maji na sabuni kuondoa mabaki ya jeli, nikaianika, nikatoka. Magharibi narudi ina madoa madoa ya rangi ya chai. Siku hiyo hiyo! Hewa ya hapa ina chumvi, na chuma kilichotoka kuvuliwa hakina hata punje ya kinga. Nikaisugua na ndimu na stilwaya, asidi ya ndimu inakula kutu vizuri tu, ila ukishamaliza osha na ukaushe papo hapo kwa kitambaa, usingoje jua. Baada ya hapo nikagundua ujanja ambao ningeujua mapema ningeokoa wiki nzima: msasa wa maji usiutumie na maji, tumia mafuta ya taa. Namba 120 kwa mikwaruzo na vishimo vya kutu, 240, 400, 800, namaliza na 1000, kila namba unasugua kukatisha mistari ya namba iliyopita ukiona imepotea ndo unapanda. Usiruke namba. Mi niliruka kutoka 120 kwenda 400 kwenye bomba la juu na mpaka leo ukikaa nayo juani unaona michirizi kama paka kapita. Mwisho Brasso, ile dawa ya kung'arishia vyuma, na tambara la fulana. Mkono uliuma siku nne lakini nilijiona kwenye bomba, uso mrefu kama papa, ila nilijiona.

Na ndani ya mabomba usisahau, maji yanaingia kwa vitundu na yanakaa humo. Geuza fremu kichwa chini, mwaga yote, afu mimina oili kidogo kupitia bomba la siti uizungushe zungushe.

Haya, klia. Nilinunua makopo mawili ya spreya, 7,000 kila moja, limeandikwa kinga dhidi ya kutu, chuma, mbao, plastiki, kila kitu, mpaka nikajiuliza na ndoa wanapulizia? Nikafuta fremu na tina, nikapuliza mikono mitatu myepesi. Siku ya kwanza ni kioo. Wiki ya kwanza naringa nayo Raskazone jioni. Wiki ya tatu naiosha naona karibu na maungio ya chini kuna vijinyuzi vya kahawia, vyembamba kama nywele, vinatembea chini ya klia, juu laini kabisa hupapasi kitu. Havikuanzia katikati ya bomba, vilianzia pale mnyororo ulipogonga na pale kibano cha breki kilipokwaruza, unyevu umeingia kwa tundu la sindano afu unajichimbia handaki. Na huwezi kuifuta kutu hiyo maana iko chini ya kioo! Unaitazama tu kama samaki wa mtu mwingine. Nikarudi na klia hadwea kuuliza, nikajibiwa "kaka hiyo si ya baiskeli, hiyo ya ndani". Kopo halisemi ndani. Mbili juu ya kumi, na hizo mbili ni za siku ya kwanza.

Ikabidi klia niitoe yote na jeli iliyobaki, kwa bahati inatoka haraka sana, dakika tano imejikunja. Fundi rangi wa gereji moja Chuda akanishauri klia ya magari ile ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha), akasema hiyo inagandana kweli na haipitishi maji ovyo kama ya kopo, ila akaniambia ukweli pia, juu ya chuma kilichong'arishwa haina pa kushika, ikichubuka mahali utarudi hapa hapa, rangi huwa inataka praima chini (ile rangi ya kwanza ya kushikilia) na praima inaficha chuma, hukioni tena. Nilimshukuru, fundi mwingine angechukua hela tu. Na hiyo hadna sio ya kupuliza uani bila barakoa ya kweli, mapafu hayana spea.

Kwa hiyo nilichofanya mimi: foku, madigadi na sehemu zote za chini zinazorushiwa maji nimepiga redi oksaidi, praima nyekundu ya kuzuia kutu, na nyeusi juu yake. Bomba tatu kubwa tu ndo ziko wazi, hazina klia wala nini, kila Ijumaa asubuhi nazifuta na mafuta ya cherehani kwa kitambaa, dakika kumi, na nikirudi na mvua nafuta hata kama nimechoka. Huu ni mwezi wa nne tangu nianze hivyo. Zimeanza kuwa na weusi fulani wa chuma cha kisu cha zamani, sio kioo tena, mi naona zimependeza zaidi. Ila kama we ni mtu wa kuegesha baiskeli nje na kuisahau, paka rangi tu ndugu yangu, usijitese.

Juzi nikaipeleka Makorora mjomba aione. Nikamwamkia, akaizunguka mara mbili bila kusema, akapapasa ule uzi wa shaba kwa kidole gumba, akaangalia namba. Nikajua sasa nasifiwa.

"Nzuri," akasema. "Hela ya rangi ndo imekuishia hapa kwenye mabomba? Subiri, ndani kuna kijani imebaki."