Fundi wa mashine za boti pale Pasua, Moshi: gia ya Johnson yangu imerudi

Aisee, sikua na mpango wa kuandika ila watu wenye mashine za zamani huku kwetu tunateseka kwa kukosa fundi anayezijua, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kirefu.

Mashine yenyewe ni Johnson hosipawa 25 ya miaka ya 70, niliachiwa na baba mdogo. Naifunga kwenye boti pale bwawa la Nyumba ya Mungu upande wa Lang'ata, asubuhi tunaenda makambini kwa wavuvi kuchukua perege. Shida ilikua hivi, ukiweka gia ya mbele ukaenda taratibu haina neno, ila ukiongeza moto tu boti ikaanza kunyanyua pua unasikia kaa-kaa-kaa kule chini, gia inachomoka, mashine inavuma tupu na boti inasimama. Rivasi haina tatizo kabisa. Mara ya mwisho ilichomoka katikati ya bwawa upepo wa mchana umeshaanza, ndani kuna ndoo saba za samaki na mama mmoja mchuuzi, tukarudi kwa kasia karibu masaa mawili na yule mama anaona samaki wake wanalegea. Iliniuma sana.

Fundi wa kwanza simtaji, hakuuliza kitu, alizungusha propela kwa mkono akasema gia zote zimekufa, tafuta mguu mzima (ile sehemu ya chini yenye gia na propela) Dar, used laki tisa. Na mguu wenyewe kuupata ni kazi, maana OMC ya Marekani waliokua wanatengeneza Johnson na Evinrude walifilisika mwishoni mwa 2000, wakaja Bombardier wa Canada wakachukua, baadaye wakaitwa BRP, na hao nao 2020 wakaacha kutengeneza Evinrude. Kwa hiyo kwa mashine hizi fundi wa toa-weka hakusaidii, unataka fundi wa kutafuta tatizo liko wapi.

Huyu wa Pasua ni mzee wa makamo, kazi zake nyingi ni pampu za umwagiliaji na jenereta, nilielekezwa na dereva wa bodaboda. Nimemshushia mashine, nikamwamkia, hata spana hajashika akaniuliza, "Ikichomoka inagonga au inavuma kimya?" Nikamwambia inagonga. Akanieleza kwamba propela ina raba katikati, ile raba ikichoka inateleza, mashine inakimbia na boti haiendi lakini husikii kugonga. Kugonga maana yake meno yanarukana ndani ya mguu. Ila hakuishia kuamini maneno yangu, akamwita binti yake akaleta rangi ya kucha, akachora mstari mmoja kuanzia kwenye kikombe cha ndani cha propela, ukapita juu ya raba mpaka nje. Mstari ukikatika ujue raba imeteleza.

Halafu akafungua kile kifuniko kidogo cha pembeni, akacheki rodi ya gia. Pale kwenye maungio palikua na mchezo, yaani ukisukuma lever mpaka mwisho huku juu, kule chini gia haijaingia yote. Akakaza, akaseti, akasema nenda kajaribu majini urudi, na hiyo hakunidai hata mia. Nikaenda Lang'ata. Ikawa afadhali lakini moto ukifika mwisho inachomoka tena, na mstari wa rangi bado umenyooka. Nikarudi, akasema sasa tuna haki ya kufungua.

Oil ya gia ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maana yake maji yanaingia. Akatoa propela, nyuma yake kwenye shafti kulikua na uzi wa nyavu umejikunja, ule wa nailoni, umejibana mpaka umekata sili, ile raba ya kuzuia maji yasiingie. Kwa bwawa letu lilivyojaa nyavu hili naomba kila mwenye mashine alisikie, toa propela mara kwa mara uangalie, uzi mmoja tu unaua gia boksi nzima.

Kwenye gia zenyewe alinikalisha kabisa. Katikati ya gia ya mbele na ya rivasi kuna kipande chenye meno kinachoteleza juu ya shafti, anakiita dogi. Akakifuta na kitambaa, akanipa, akasema pitisha ukucha. Upande wa rivasi ukucha unakwama, kona kali. Upande wa mbele ukucha unateleza, kona zimelika zimekua mviringo. Kumbe ndo hapo, ikipata mzigo meno yanasukumana yanatoka. Na waliozila ni sisi, vijana wangu wanaingiza gia polepole wakidhani wanaionea huruma, meno yanasagana kabla ya kushika. Anasema shusha moto mpaka chini kabisa halafu ingiza mara moja kwa nguvu, usiipapase.

Hakuagiza dogi mpya. Hii ya kwangu pande zote mbili zinafanana, kwa hiyo aliigeuza, upande mzima ukaja mbele, na meno ya gia yenyewe alikagua akaona bado yanafaa. Sili mbili akapima, tukazipata duka la beringi mjini kwa 18,000. Oil mpya alijaza kwa tundu la chini mpaka ikatoka tundu la juu bila mapovu, akafunga la juu kwanza ndo akachomoa pampu akafunga la chini, na washa za matundu hayo (vile vipete vya kuziba) zote mpya. Ufundi alichukua laki na ishirini.

Lawama ninazo mbili. Aliniambia siku mbili ikawa sita, simu hapokei. Na kubwa zaidi, mguu alishaushusha wote lakini impela ya pampu ya maji (kile kifeni cha raba kinachosukuma maji ya kupoza mashine) akairudisha ya zamani bila kuniuliza. Ile ni kitu cha kubadilisha ukishafika pale, sasa itabidi nishushe mguu tena. Kwa hilo nampa nyota nne, sio tano.

Wiki ya tatu sasa, boti ikiwa na watu wanne na ndoo zimejaa natoka Lang'ata moto wote na gia haijachomoka hata mara moja. Nimechota oil kidogo juzi kuangalia, ni safi. Ukimwendea nenda asubuhi kabla ya saa nne, baada ya hapo anakua mashambani kwenye pampu za watu, na beba propela na pini zake maana mashine ikifika nusu anakurudisha nayo.