Shifti ya masaa 12 au ya masaa 8 kwa manesi wa wazee?

Ukimwambia nesi anayelea wazee achague, wengi watasema 12 fasta, maana unapiga siku 3 au 4 kwa wiki halafu unabaki nyumbani, na mzee anakabidhiwa mara 2 tu kwa siku badala ya 3, na kila makabidhiano lazima kuna kitu kinasahaulika, mara hajanywa maji tangu asubuhi, mara dawa ya presha aliitema. Mwenye shida ya kusahau naye anatulia akiona sura ileile kutwa nzima.

Ila njoo uangalie lisaa la 11. Mgongo umekufa, bado kuna mzee hawezi kujigeuza, na huyo kwa kawaida anageuzwa kila baada ya masaa 2 hivi asipate vidonda, sasa badala ya kungoja mwenzako unamburuza peke yako na shuka, kisigino kinachubuka. Kumlisha nako unaanza kuharakisha, kijiko cha pili kabla hajameza cha kwanza, hapo ndo mtu anapaliwa.

Masaa 8 unatoka bado una akili, dozi unazihesabu vizuri. Shida ni siku 5 kwa wiki, na watu wakipungua unaambiwa "baki kidogo tu", 8 inageuka 12 kimyakimya (na mara nyingi bila hela).

Mimi naenda na 8. Lakini usiku nesi akiwa 1 kwa wazee 30, gawa shifti utakavyo, huyo mzee hageuzwi kwa wakati.