Pani ya chapati na sufuria za Kamukunji: nunua gani kabla ya Krismasi

Kwa wenye haraka, jibu ndio hili: pani ya chuma ya Kamukunji nunua, karai nunua, sufuria nunua lakini uchague na akili, na jiko la makaa angalia udongo wa ndani kwanza. Wenye wako na muda wakae tuongee vizuri maana Disemba ndio hii na kwa ploti yetu hakuna stori ingine sai, ni chapati, pilau na mbuzi atatoka wapi.

Hii maneno ya pani ilitokana na ubishi. Kina mama wa ploti tulikuwa tunapeana mapishi ya sikukuu, na swali likawa lile la kila mwaka, mbona chapati za watu wengine zinakaa laini hadi kesho yake na za wengine zikipoa tu zinakuwa ngumu. Mmoja anasema ni unga, mwingine anasema ni maji lazima yawe moto, mwingine anasema hujakanda ya kutosha. Jirani wa juu, mama mmoja amepikia maharusi miaka mingi, akatuambia hayo yote ni kweli lakini hakuna mtu ameuliza pani. Akaeleza hivi: pani nyepesi ukiiwekea chapati inapoa papo hapo, sasa unaongeza moto, katikati inaungua na kando bado mbichi, inabidi uiache hapo muda mrefu, na chapati ikikaa kwa moto muda mrefu maji yote yanaisha ndani, ndio unapata kitu kigumu. Pani nzito inashika joto, chapati inaiva haraka na unyevu unabaki ndani. Akasema twende Kamukunji.

Kwa mwenye hajui, Kamukunji Jua Kali iko hapa Nairobi, huko chini Landhies Road, ukipita Machakos Country Bus kama unaelekea Gikomba. Utasikia nyundo kabla uone kitu. Mafundi wamejaa hapo wanagonga chuma na mabati, wanatengeneza masanduku ya shule, mawilbaro, majiko, vyombo vya kulishia kuku, masufuria, na pani za chapati za kila saizi, kutoka ya watu wawili hadi zile za hoteli zenye unaweza kuchoma chapati nne mara moja. Hilo jina la jua kali lenyewe ni kwa sababu ya kufanyia kazi juani, na hadi leo wengi bado wako hivo hivo licha ya zile shedi zilizojengwa kuanzia miaka ya 1980. Heshima kwao, ni kazi ngumu na wanaifanya vizuri.

Sasa pani. Nilichukua ya saizi ya kati ya chuma, fundi alianza na elfu moja tukamalizia mia saba, na nimeridhika kabisa. Ukienda kuchagua fanya hivi. Kwanza inua, kama haikuvuti mkono rudisha. Pili iweke kwa simiti penye pako sawa halafu bonyeza kando kando, kama inacheza ujue chini haijanyooka, kwa jiko la makaa haitakusumbua sana lakini kwa meko ya gesi itakuwa inaiva upande mmoja. Tatu pitisha kidole pole pole kwa ukingo, kama ni mkali mwambie fundi aupige faili hapo hapo, hakatai na hakuongezi pesa. Nne angalia mkono umeshikiliwaje, mimi napenda wenye umechomelewa pande zote badala ya msumari mmoja tu. Na upime saizi ya bana yako ya gesi nyumbani kabla utoke, maana pani kubwa kwa ule mtungi wa kilo 6 inapata moto katikati tu, kando zinabaki baridi, na ikielemea upande mmoja ni hatari, haswa kama kuna watoto wanapita pita jikoni.

Usianze kuipikia siku hiyo umeileta. Ioshe na maji moto, sabuni na stili wulu hadi maji yatoke safi kwa sababu inakuja na mafuta ya kazi na vumbi ya chuma. Ikaushe kwa moto, halafu weka mafuta kiasi, chumvi na kitunguu kilichokatwa nusu, usugue nacho pani yote ikiwa kwa moto wa kati hadi kitunguu kiwe cheusi, mwaga, pangusa, rudia na mafuta peke yake. Itatoa moshi kwa hivo fungua dirisha. Baada ya hapo inaanza kuwa nyeusi na chapati hazishiki. Ukimaliza kupika pangusa tu na kitambaa, usiiloweke kwa sinki usiku mzima, ni chuma, itashika kutu. Na usipike nyanya ndani, inakula ile tabaka nyeusi yote na unaanza upya.

Kasoro ziko. Ni nzito, kama mkono wako una shida utaiskia. Mkono wake ni chuma pia kwa hivo unashika moto, lazima uwe na kitambaa karibu kila saa. Na hakuna risiti ya maana wala warantii, ukishatoka hapo umetoka, ndio maana nasema kagua kabla ulipe. Lakini ukilinganisha na zile pani nyepesi za supamaketi za kutoshika, zenye ukiziweka kwa moto wa chapati miezi michache ile rangi inaanza kubambuka na kuingia kwa chakula, mimi sirudi huko. Hii nitaiachia watoto wangu.

Kuhusu chapati zenyewe, wacha niandike venye tulikubaliana kwa sababu wengi mmeuliza. Pakiti ya kilo mbili inatoa 20 na kitu za saizi ya kawaida. Maji vuguvugu, chumvi, sukari kidogo, mafuta kidogo ndani, unakanda hadi unga uache kushika mikono lakini ubaki laini, wengi wanakosea hapo wanaongeza unga mkavu hadi unakuwa mgumu kama tofali. Funika ulale nusu saa au zaidi. Sukuma, paka mafuta, kunja kama kamba halafu zungusha, lala tena kidogo, ndio usukume ya mwisho. Kwa pani, geuza mara ya kwanza bila mafuta, mafuta yanaingia ukishaona madoa. Ukitoa weka kwa hotpoti juu ya kitambaa, zifunike zilainishane na mvuke wao. Jirani mwingine anaponda malenge iliyochemshwa anakandia unga nayo, rangi inatoka poa na watoto wanapenda, tena inakaa laini siku mbili. Kuna mwenye anakandia maziwa, tamu kweli, lakini punguza moto maana maziwa inashika rangi haraka.

Sufuria ndio iko na maneno mengi na hapa naomba msome pole pole. Kamukunji na kando kando yake utapata aina mbili. Kuna zile zimetengenezwa na shiti ya alumini, zinang'aa na unene wake ni sawa pande zote, na kuna zile nzito za kuyeyushwa, mafundi wanachukua alumini chakavu, mapati ya gari na vitu kama hivo, wanayeyusha na kumwaga kwa moldi ya mchanga. Hizi za kuyeyushwa zinapika vizuri sana, sitadanganya, pilau haiungui chini. Shida ni hakuna mtu anajua hiyo chakavu ilikuwa na nini ndani. Watafiti walipima sufuria za aina hiyo kutoka nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, wakakuta baadhi yake zinaachilia madini ya risasi kwa chakula, na risasi ni ile sumu inaharibu ubongo wa mtoto pole pole bila wewe kuona dalili. Vitu chachu kama nyanya, ukwaju na ndimu ndio vinaitoa zaidi. Kwa hivo mimi nilichagua ya shiti, ile nene kuliko zote fundi alikuwa nayo, na za kuyeyushwa nikaziacha hapo. Kama tayari uko nayo nyumbani, angalau usipikie mtoto ndani yake na usilaze mchuzi wa nyanya usiku kucha humo.

Hiyo ya shiti nene nimeipikia pilau ya watu wengi na imenifurahisha. Vitunguu vya pilau vinataka kukaangwa pole pole hadi viwe kahawia iliyokolea, hapo ndio rangi na utamu wote unatoka, na sufuria nyembamba inaviunguza kabla vifike. Shemeji yangu wa Mombasa haweki nyanya wala manjano kwa pilau na anakasirika ukiweka, anasema rangi ni kazi ya kitunguu, na viungo ni binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, basi. Huku bara tumezoea nyanya. Nimeonja zote mbili kwa hii sufuria na lazima niseme shemeji ako sawa, mchele wa pishori ya Mwea unatoka kila punje peke yake na harufu ya nyama inasikika. Nyama chemsha kwanza na tangawizi na saumu, ile supu ndio uipimie mchele badala ya maji. Maji yakikauka punguza moto kabisa, funika, weka makaa machache juu ya mfuniko, na usifunue funue.

Hayo makaa juu ya mfuniko ndio yalinifanya ninunue jiko pia. Yale ya kiuno chembamba yenye udongo ndani yanakula makaa kidogo sana kuliko ya chuma tupu ya zamani. Gonga udongo na kidole usikie, angalia kama una ufa, angalia kama simiti ya kuushikilia imejaa pande zote. Moto wa kwanza uwe mdogo, ukiliwasha na moto mkali likiwa bado na unyevu udongo unapasuka. Na tafadhali usiliingize ndani ya nyumba imefungwa, kila msimu wa baridi na wa sikukuu watu wanakufa na gesi ya sumu ya makaa wakiwa wamelala.

Karai sina mengi, ya chuma, ya kina, mahamri yanaogelea vizuri, nunua.

Nenda asubuhi siku ya katikati ya wiki. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi kila mtu anapita hapo akielekea kupanda gari ya ushago, bei inapanda na mikokoteni imejaa njia, beba pesa kidogo kidogo mifukoni tofauti na viatu vya kufunga. Kama unataka sufuria ya mukimo ya familia nzima, zile za kukorogwa na mwiko mrefu, peleka oda mapema na uache kitu kidogo fundi anunue shiti. Na uulize bei ya mfuniko hapo hapo, huwa unauzwa kando, hakikisha unaingia vizuri kabla ulipe.