Jiko la kuni la bei nafuu Mwanza: ununue lipi, na kuni zipi

Ukiniuliza ununue jiko gani la kuni, nitakuuliza kwanza kuni zako umeziweka wapi. Napika kwa kuni hapa Buhongwa miaka mingi sasa, nimetumia majiko manne, na hasara kubwa kuliko zote haikutokana na jiko. Nilinunua jiko zuri, nikaliwashia mikaratusi iliyokatwa wiki ileile. Kuni zikatoa povu kwenye ncha, zikachuruzika maji, nikapuliza mpaka macho yakavimba, na maharage yakafika saa nane mchana bado magumu. Nikalirudisha jiko uvunguni na kurudi kwenye mafiga, kumbe jiko halikuwa na kosa lolote.

Mti uliotoka kukatwa, nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Moto hauwezi kukupikia mpaka uyageuze maji hayo kuwa mvuke, na joto linaloishia humo umelilipia. Kilo moja ya kuni mbichi za namna hiyo hukupa karibu nusu tu ya joto la kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri, halafu inakuongezea moshi na masizi. Kuni ya kuwasha inatakiwa isizidi asilimia 20 ya maji. Kipimo chake si lazima kiwe cha kitaalamu. Mimi niliomba mizani ya dukani, nikapima gogo la mkaratusi lililopasuliwa: kilo mbili. Nikaliweka juu ya bati, kila Jumamosi nikalipima tena. Lilipofika kilo moja na robo likakoma kushuka, na hapo nikajua limekauka.

Kwa muuzaji huna muda wa kusubiri Jumamosi, kwa hiyo tumia macho na masikio. Tazama ncha ya kuni: iliyokauka ina nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni, na gamba lake linabanduka kwa kucha. Gonganisha mbili: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa mlio mzito wa kufa. Kisha mwombe apasue moja mbele yako na ushike pale ndani. Kuni iliyoanikwa juani siku tatu huwa kavu nje tu, ndani bado ina ubaridi wa maji, na wengi ndipo tunapouziwa mbichi kwa bei ya kavu.

Kwa aina ya mti, migunga ndiyo bora kwa maharage na makande, moto wake mzito na makaa yake hukaa. Mkaratusi uliokauka unawaka vizuri na unapatikana kwa kuwa watu wanaupanda. Mjohoro una moto mzuri lakini moshi mwingi, upikie nje. Msonobari una utomvu, utumie kuwashia tu. Manyara ya uzioni usiyaguse kabisa kwa jiko: utomvu wake mweupe unaunguza macho, na moshi wake nao unawasha. Vivyo hivyo mabaki ya nguzo na mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani hafifu. Dawa nyingi za namna hiyo zina aseniki, na sumu hiyo inatoka na moshi na kubaki kwenye majivu ambayo watoto wanachezea.

Nunua kuni Juni au Julai, kiangazi kikiwa kimeshika. Zipasue ziwe nene kama kifundo cha mkono, uzipange kwa kupishanisha juu ya mawe ili mchwa wasizifikie, juu uweke bati, pembeni uache wazi upepo wa ziwani upite. Vipande vya unene huo vikikaa miezi miwili mitatu ya jua vinakuwa tayari kabla vuli haijaanza Oktoba. Gogo zima lisilopasuliwa linaweza kumaliza mwaka bado bichi ndani.

Sasa majiko, kwa mpangilio wangu.

La kwanza ni jiko la roketi la kuhamishika, chuma nje na tanuru la udongo ndani. Umbo lake ni kama kiwiko: kuni zinaingia kwa mdomo wa chini, moto unapanda kwenye bomba fupi lililozungukwa na kitu kinachozuia joto lisitoke. Kwa kuwa ndani kuna joto kali sana, moshi mwingi unaungua kabla haujaifikia sufuria. Ubunifu huu ulianzia kwa Mmarekani Larry Winiarski miaka ya 1980, na mafundi wetu wa bati wanautengeneza vizuri tu. Kwenye mafiga ya wazi, joto linaloingia kwenye chakula kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15. Jiko zuri la aina hii hupita 25.

Lakini usilinunue kabla hujalijaribu kwa ugali. Hapa ndipo majiko mengi yanayosifiwa yanaposhindwa, kwa sababu walioyabuni walifikiria kuchemsha maji. Ugali unasongwa kwa nguvu, hasa ukiwa wa muhogo, na jiko refu lenye kitako chembamba linayumba. Mimi nilikwenda kwa fundi na sufuria yangu na mwiko. Nikaijaza mchanga uliolowa, nikaiweka jikoni, nikashika mwiko kwa mikono miwili. "Mayu, songa tu, hilo halianguki," akaniambia. Nikasonga. Mguu mmoja ukanyanyuka. Hakubisha, alichomelea kitako cha chuma kipana zaidi nikiwa nimekaa palepale, na jiko hilo ndilo ninalopikia mpaka leo.

Ukiwa hapo, gonga udongo wa ndani kwa vidole. Mzima unalia, wenye ufa unatoa sauti iliyokufa. Angalia kama mdomoni kuna kijukwaa cha chuma cha kulalia kuni, kwa maana hewa inatakiwa kupita chini yake, na jiko lisilo nacho huzibwa na majivu. Angalia pia sufuria imeinuliwa kiasi gani: ikikaa juu sana joto linatorokea pembeni, ikikaa chini sana moto unakosa pa kutokea na moshi unakurudia usoni.

La pili, na kwa mwenye nyumba yake huenda likawa la kwanza, ni jiko la udongo la kujenga, la sufuria mbili na bomba la moshi. Udongo wa kichuguu ukichanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa hushika vizuri, na gharama kubwa inabaki kwenye bomba na ujira wa fundi. Halitikisiki hata usonge ugali wa harusi. Ubaya wake ni kwamba mpangaji hawezi kuhama nalo, na bomba lisipofagiliwa masizi, jiko linaacha kuvuta.

La tatu ni la bati lenye chungu ndani, lisilo la roketi. Ni rahisi, linabebeka, linatosha kwa chumba na sebule. Chagua lenye chungu kinene.

La nne ni jiko la maranda au pumba za mpunga, la kushindilia. Linafaa ukikaa karibu na karakana ya seremala au mashine ya kukoboa, kwa kuwa kuni yake ni takataka ya mwenzako. Ukishaliwasha huwezi kuongeza wala kupunguza moto kirahisi, basi lifanye la pili nyumbani.

La bati tupu lisilo na udongo, acha. Linaunguza mkono, joto lote linaishia ubavuni, na linatoboka upesi.

Mji wetu ni wa mawe, mafiga ni bure, kwa hiyo najua utauliza kwa nini ulipe. Piga hesabu kwa bei za mtaani kwako. Tuseme mzigo wa shilingi 2,000 unakutosha siku mbili: hizo ni 30,000 kwa mwezi. Jiko likikuokolea theluthi, ni 10,000 kila mwezi, na jiko la 40,000 limejirudisha kwa miezi minne. Ukiweza kuongeza mtungi mdogo wa gesi kwa chai ya asubuhi, ongeza. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko, na mimi naomba tufike. Hata jiko banifu, yaani la kubana matumizi ya kuni, linatoa moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani vilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto wengi wa chini ya miaka mitano. Pikia kwenye banda lililo wazi pande mbili, na mtoto usimbebe mgongoni unapowasha.

Jiko lenye udongo likifika nyumbani, siku mbili tatu za mwanzo liwashie moto mdogo wa vijiti na uchemshe maji tu, ili unyevu uliobaki kwenye udongo utoke polepole. Ukimaliza kupika, vuta kuni nje uzizime kwenye mchanga. Usimwagie jiko maji likiwa la moto: udongo utapasuka papo hapo, na utausikia.