Simu ipi inafaa kugeuzwa kompyuta ya mezani? Chaguo, kuanzia bora hadi za kuepuka

Kama nyumbani tayari una TV yenye tundu la HDMI, au ofisini kuna skrini ya kompyuta iliyokaa bure, simu ya mfukoni inaweza kufanya kazi nyingi ambazo watu hununulia laptop: kuandika ripoti, kutunga mitihani, kupanga mahesabu ya kikoba, kujibu barua pepe, kuhudhuria mkutano wa video. Unachomeka waya mmoja, skrini kubwa inaonyesha madirisha na upau wa chini kama wa Windows, unaandika kwa kibodi. Ila si kila simu inaweza, na hapo ndipo wengi wanapopoteza hela. Simu mpya kabisa ya dukani huweza kushindwa kazi ambayo simu ya mtumba ya mwaka 2018 inaifanya bila shida.

Siri iko kwenye tundu la chaji. Matundu yote ya USB-C yanafanana kwa sura, lakini mengi hupitisha umeme na mafaili tu. Ili picha itoke kwa waya, tundu lazima liwe na uwezo uitwao DisplayPort. Kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote, tafuta sifa za toleo husika kwenye intaneti, shuka mpaka sehemu ya USB, uone kama neno hilo limeandikwa. RAM ya 8GB na kamera nne hazisaidii kitu kama tundu halitoi picha. La pili ni programu: simu iwe na mpangilio wa kompyuta ndani yake, isiishie kuonyesha kioo chake kilekile kwa ukubwa.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Motorola walijaribu mwaka 2011 na simu ya Atrix iliyochomekwa kwenye laptop tupu, na Microsoft wakaja na Lumia 950 mwaka 2015. Microsoft waliishia njiani kwa sababu programu hazikuwepo. Ndiyo maana mimi naweka uzito mkubwa kwa kampuni ambayo haijaacha.

1. Samsung Galaxy S22, S23 au S24, za mtumba

Hapa ndipo pa kuweka pesa. Mfumo wa Samsung unaitwa DeX, ulianza na Galaxy S8 mwaka 2017 na umeendelea kuboreshwa tangu hapo. Ukichomeka waya wa HDMI, skrini kubwa inafunguka na mpangilio wake wa kompyuta: unaburuta madirisha, unabofya kulia, Alt na Tab zinakurusha kutoka kwenye waraka kwenda kwenye kivinjari, Ctrl na C inanakili. Huku kioo cha simu kinabaki huru. Unaweza kupokea simu, au ukakigeuza kuwa kipanya cha kugusa kwa kidole siku ambayo hukubeba kipanya.

Kwa nini S22 na kuendelea? Ni habari ya usalama. Samsung waliahidi miaka 5 ya masasisho ya usalama kwa S22 (2022) na S23 (2023), na miaka 7 kwa S24 (2024). Simu hii itakuwa na benki yako, barua pepe zako na mafaili ya kazi kwa pamoja, kwa hiyo usilichukulie jambo hili kirahisi. Kati ya hizo tatu, kwa mtu wa kipato cha kawaida ningechukua S23: ina umri mzuri wa masasisho mbele yake na bei yake imeshashuka kuliko S24. Matoleo ya FE, kama S23 FE, nayo yana DeX, na huwa nafuu kidogo.

Kuna upenyo mmoja ambao wanunuzi wengi hawauoni. Simu kali yenye kioo kilichopasuka pembeni, au yenye ule mstari wa kijani unaopita katikati, huuzwa kwa bei ya chini sana kwa sababu haivutii machoni. Kwako wewe utakayetazama skrini ya inchi 24, ufa hauna maana, mradi mguso unafanya kazi na tundu la chaji ni zima.

2. Galaxy Note 9, S10, S20 FE

Hizi ni za bajeti ndogo. Note 9 ya mwaka 2018 ndiyo iliyoanza kutumia DeX kwa waya wa kawaida wa HDMI. S8 na S9 zilitoka zikihitaji kitako maalumu, kwa hiyo ziruke. S10 na S20 FE zinakimbia vizuri kwa kuandika na kuperuzi. Tatizo ni kwamba masasisho ya Note 9 na S10 yamekwisha. Nunua moja ikae mezani kama kompyuta ya wanafunzi au ya kuandikia tu, laini yako ya miamala iache kwenye simu nyingine. Kagua pia betri: kifuniko cha nyuma kikiwa kimeinuka hata kidogo, betri imevimba, achana nayo.

Tahadhari kubwa kwenye jina la Samsung: Galaxy A karibu zote hazina DeX ya waya. Ile iliyowahi kuwa nayo, A90 5G ya mwaka 2019, ni nadra kuikuta. Usikubali mtu akuambie "Samsung zote zinafanya".

3. Motorola zenye Ready For

Tangu 2021 Motorola wana mfumo mzuri sana unaoitwa Ready For, siku hizi Smart Connect. Moto G100 na Edge 30 Pro zinaufanya kwa waya. Kwa matumizi hauko mbali na DeX. Nimeziweka nafasi ya tatu kwa sababu madukani kwetu ni chache, na kioo au betri ikifa fundi anaweza kukuambia usubiri kipuri kiagizwe. Halafu si kila simu ya Edge inatoa picha kwa waya, hivyo rudi kwenye neno DisplayPort.

4. Huawei Mate 20 Pro na P30 Pro

Zina mpangilio wa kompyuta na bado zina huduma za Google, jambo ambalo Huawei za kuanzia Mate 30 zilikosa kutokana na vikwazo vya Marekani vya mwaka 2019. Ni simu imara, lakini umri umezitupa. P30 Lite, iliyouzwa sana huku kwetu, haitoi picha kwa waya, usichanganye majina.

5. Google Pixel 8 na kuendelea

Zinatoa picha kwa waya, zina miaka 7 ya masasisho, na Google wanajenga mpangilio wa kompyuta ndani ya Android yenyewe kwa kushirikiana na Samsung. Kama tayari unayo, ijaribu. Kwenda kuinunua kwa ajili ya kazi hii pekee, wakati DeX imeshakomaa, sioni sababu.

6. iPhone 15 na kuendelea

Tundu la USB-C linatoa picha, lakini skrini kubwa inaonyesha kile kile kilicho kwenye simu. Kwa kutazama video au kuonyesha picha darasani, sawa. Kwa kazi ya mezani, hapana.

7. Tecno, Infinix, itel, Redmi za bei ya kawaida

Nyingi mno hazitoi picha kwa waya hata ziwe na USB-C. Kurusha picha kwenye TV bila waya kunawezekana, ila kipanya huchelewa kufuata mkono na kuandika kunachosha. Usinunue adapta ya HDMI kwa ajili ya simu hizi kabla ya kuhakikisha. Haitafufua uwezo usiokuwepo.

Vifaa vingine

Chukua adapta ya USB-C yenye HDMI, matundu mawili ya USB ya kawaida, na tundu la kuingizia chaja. Hilo la chaja ndilo watu hulisahau, kisha simu inazima katikati ya kazi. Kibodi na kipanya vya waya vinatosha kabisa. Skrini za mtumba zinazotoka maofisini mara nyingi zina VGA na DVI tu. Tafuta yenye HDMI ili usirundike adapta juu ya adapta. Kwenye TV, ukiona upau wa chini umekatwa, nenda kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha uchague ile isiyokuza. Sauti ikipotea, ujue imepelekwa kwenye skrini isiyo na spika. Irudishe kwenye simu ndani ya mipangilio ya DeX. Vua kava, simu hupata joto.

Umeme ukikatika, skrini inazima lakini simu inabaki na betri yake, na unaweza kuufungua waraka uliouhifadhi uendelee kwenye kioo kidogo hadi umeme urudi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS haikupi hilo.

Sasa ukweli wa upande wa pili. Ikiwa kazi yako ni AutoCAD ya michoro, SPSS ya takwimu, au Excel yenye makro, kama zile fomu za Excel za iTax, mfumo wa kodi wa Kenya, simu haitakufaa. Na ikiwa huna skrini wala TV, piga hesabu ya vyote kwa pamoja: simu, adapta, skrini, kibodi. Jumla ikifikia bei ya laptop ya mtumba aina ya ThinkPad au EliteBook, nunua laptop.

Siku ya kununua, nenda na adapta yako na waya wa HDMI. TV nyingi za siku hizi zina HDMI; kama dukani ipo, omba uchomeke. Subiri skrini ifunguke, kisha tikisa kichwa cha waya taratibu: picha ikikatika-katika, tundu limelegea, dai lirekebishwe au bei ishuke. Piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na kama uko Tanzania itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama simu inatambulika. Mwisho fungua waraka na kivinjari pamoja, uache vikiwa wazi huku mkiendelea kuzungumza bei. Simu nzima haitakwama.