Mguu wa Tai wa Haast kwa Ajili ya Darasa: Mfano Mzuri, Kijitabu Kibovu

Nimeutumia darasani kwa miezi miwili mfano wa mguu wa tai wa Haast, tai mkubwa wa Nyuzilandi aliyekwisha kutoweka, niliouagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, na naona ni haki niwaeleze walimu wenzangu wa baiolojia wanaofikiria kuununua kwamba kifaa chenyewe kinastahili sifa, ilhali kijitabu kinachoambatana nacho kinastahili kubaki ndani ya boksi.

Mguu umetengenezwa kwa plastiki nzito yenye rangi ya mfupa, umefungwa kwa skrubu mbili juu ya kibao, na ukubwa wake ni ule ule wa ndege halisi. Thamani yake iko hapo. Mwanafunzi akisomewa kwamba jike la tai huyu wa Nyuzilandi liliweza kuwa na uzito wa kilo 10 hadi 15, ataandika takwimu hizo na kuzisahau. Lakini akilaza kiganja chake kando ya ukucha wa kidole cha nyuma, ambao kwa ndege wakubwa ulikaribia sentimita 11, hunyamaza kwanza, kisha huuliza ndege huyu alikuwa akila nini.

Alikula moa, ndege asiyekuwa na mabawa hata kidogo, ambaye majike wa spishi kubwa walizidi kilo 200. Katika visiwa ambavyo havikuwa na mamalia wa nchi kavu isipokuwa popo, moa walishika nafasi ya swala na tai akashika nafasi ya chui. Ushahidi umo kwenye nyonga za moa zilizokutwa na matundu ya kucha zake. Aliyeunda mfano alilijua hilo, maana kucha amezifanya nene shinani na zenye kupinda sawasawa, na hata vidole vinaonekana kuwa vya mnyama wa kukamata na kubana.

Kijitabu, kwa bahati mbaya, kiliandikwa na mtu mwingine. Picha ya jaladani inamwonyesha tai akipaa na moa mzima kuchani, jambo lisilowezekana kwa ndege wa kilo 15. Windo la namna hiyo aliliangusha na kulila pale pale chini. Kichwa kimepakwa rangi nyeupe kama cha tai wa Marekani, ingawa mifupa haielezi rangi ya manyoya. Kuhusu ugunduzi, anatajwa Julius von Haast peke yake, aliyemwelezea ndege huyu kisayansi, bila neno lolote juu ya Frederick Fuller wa Canterbury Museum, ambaye ndiye aliyeipata mifupa katika kinamasi cha Glenmark mwaka 1871. Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, ambao masimulizi yao yana ndege mkubwa aitwaye pouākai, wamepewa nusu sentensi.

Kosa lililoniudhi zaidi ni dai kwamba alitokana na ukoo wa tai wakubwa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kinyume chake: jamaa zake wa karibu ni tai wadogo, mmoja wa Australia na mwingine yule anayehamia Afrika Mashariki wakati wa baridi ya Ulaya, ambaye hafikishi hata kilo moja na nusu. Mwalimu wa Kenya au Tanzania anaweza kujenga kipindi kizima juu ya jambo hilo, kwa kuwa jamaa wa jitu hilo hupita juu ya mashamba yetu. Habari za kutoweka kwake zimeandikwa vizuri kiasi, kwamba watu walipofika katika karne ya 13 waliwawinda moa hadi wakaisha, na tai akaisha pamoja nao.

Skrubu moja ililegea katika wiki ya tatu, na gundi kidogo ilitosha. Bei, pamoja na usafirishaji, ilikaribia ile ya hadubini ya kawaida ya shule, kwa hiyo maabara yenye upungufu wa hadubini ianze na hizo.