Van Lear Rose: Loretta Lynn katika sikio la Lubumbashi

Loretta Lynn, mwimbaji wa muziki wa country, alikuwa ametimiza miaka 72 albamu hii, Van Lear Rose, ilipotoka mwaka 2004, na msikilizaji wa Lubumbashi, mji uliojengwa na shaba, hatapata shida kumwelewa mwanamke aliyezaliwa Kentucky, Marekani, katika nyumba ya mchimba makaa ya mawe. Mtayarishaji wake, Jack White, ni mtu wa roki. Ameliacha gitaa la umeme likwaruze na ngoma zigonge kwa nguvu, lakini sauti ya mama huyo haikufunikwa hata mara moja.

Wimbo ninaourudia zaidi ni «Family Tree». Mke anafika mlangoni kwa hawara wa mumewe, ameongozana na watoto wake wadogo ili wamwone anayeibomoa familia yao, na anatangaza kwamba hakuja kupigana. Hasira hiyo ameiimba kwa utulivu unaotisha kuliko kelele. Katika «Miss Being Mrs.», Lynn, aliyefiwa na mumewe mwaka 1996, anaimba ujane akisindikizwa na gitaa tupu, na sisi tuliokulia kwenye gitaa la Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, tunajua uzito wa vidole vichache vinavyojitosheleza.

Albamu ilipata tuzo 2 za Grammy, kwa haki kabisa. Hata hivyo, «Little Red Shoes» ni hadithi inayosimuliwa juu ya muziki, na asiyefuata Kiingereza vizuri, kama wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa, atauruka.